Sura ya Sita: Maji ya Mlima na Fundi wa Kuyapokea

Mwezi wa Oktoba, bonasi ya chai ikishaingia kwenye akaunti, maduka ya vifaa vya ujenzi kutoka Runyenjes hadi Nkubu na Maua hayapumui. Simiti inapakiwa kwenye pikipiki, mabati kwenye kenta, na paipu zinafungwa juu ya matatu zikichungulia mbele na nyuma. Ndio msimu wa kuongeza chumba, wa kuweka sinki jikoni, wa kukihamisha choo kutoka kule nyuma ya migomba hadi ndani ya nyumba kwa sababu magoti ya nyanya yamechoka na ile njia ya matope. Ndio msimu pia ambapo fundi wa mabomba anapigiwa simu na watu watano kabla ya chai ya saa nne, naye anawaambia wote, "Niko njiani."

Katika pilikapilika hizo, swali la kwanza huwa lile lile: "Unafanya kwa ngapi?" Si swali baya, ila limekuja mapema. Bei ya fundi wa mabomba haikuambii kitu mpaka ujue anakwenda kupambana na maji ya namna gani, na kazi yake ikiisha itafichwa wapi. Rangi mbovu inaonekana. Mlango uliopinda unaonekana. Paipu iliyounganishwa vibaya inafunikwa na plasta, plasta inafunikwa na vigae, vigae vinalipiwa, na mwaka ukigeuka unyevu unaanza kupanda ukutani karibu na kitanda cha watoto. Ukimpigia fundi wakati huo unaambiwa mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.

Tuanze basi na maji yenyewe, tutamfikia fundi.

Maji ya huku kwetu yanatoka juu. Kaunti ya Embu peke yake inaanzia karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari kule Mto Tana na kuishia kwenye Mlima Kenya, ambao kilele chake kina mita 5,199. Mji wa Meru umekaa kwenye mita 1,500 hivi, na nyuma yake kuna msitu, chemchemi na mito. Rupingazi inaupita mji wa Embu, Kathita inaupita Meru, na katikati, ukifuata barabara ya Chuka, unavuka Thuci na Nithi na vijito vingine ambavyo abiria wa matatu hata hawaviangalii tena. Kampuni za maji za huku, EWASCO upande wa Embu, MEWASS na Imetha upande wa Meru, pamoja na miradi mingi ya wananchi, kwa sehemu kubwa zinaitegemea neema moja: yateke maji juu, yaache yateremke. Hayahitaji pampu wala stima.

Neema hiyo inakuja na presha. Hesabu yake ni rahisi: kila mita 10 za kushuka wima zinaongeza karibu bar 1. Tangi la mradi likiwa kwenye tuta lililo mita 80 juu ya boma lako, na njiani hakuna kilichopunguza nguvu hiyo, basi paipu inayoingia kwako imebeba bar 8. Vifaa vya nyumbani, yaani boya la tangi la choo, mfereji wa sinki, ile paipu laini ya kusukwa inayounganisha ukuta na beseni, vinatulia kwenye bar 3 au 4. Mradi uliopangwa vizuri una matangi ya katikati ya safari: maji yanaingia, yanakutana na hewa, presha inarudi sifuri, kisha safari inaanza upya. Mradi uliopangwa ovyo unakuletea mlima wote jikoni.

Tena presha hiyo haitulii mahali pamoja. Mchana watu wanafua, wananywesha ng'ombe, wanamwagilia sukuma wiki, na nguvu inapungua. Saa nane za usiku kijiji kimelala, mifereji yote imefungwa, maji yamesimama ndani ya paipu, na presha inapanda mpaka mwisho wake. Ndiyo maana mafuriko mengi ya jikoni hugunduliwa alfajiri na mtu anayeingia kuwasha jiko pekupeku. Na kwa kuwa maji yakishapita mita ni yako, bili itakuja kwa jina lako hata kama yote yaliishia sakafuni.

Fundi aliyejifunzia kazi kwenye ghorofa za Nairobi, ambako maji hushuka polepole kutoka tangi la paani, anaweza kuwa hodari wa mikono na bado ashangazwe na boma la Kionyo au Kibugu. Kwa hiyo kabla ya kumuuliza bei, msikilize anauliza nini yeye. Mazungumzo mazuri huwa hivi:

"Mama, maji yenu ni ya kampuni au ya mradi?"

"Ya mradi, fundi."

"Tangi lao liko wapi? Lile la pale juu ya shule?"

"Hilo hilo."

"Na mgao ni siku gani? Yakirudi huwa na hewa?"

Huyo ameshaanza kazi kabla ya kufungua mkoba. Yule anayeingia moja kwa moja bafuni, anapima ukuta kwa macho na kusema "hii ni kazi ya siku mbili", huenda akamaliza kwa siku mbili kweli. Mimi ningemtafuta mwingine.

Akijua maji yanatoka wapi, fundi mzuri atakupa moja ya njia mbili. Ya kwanza ni kufunga valvu ya kupunguza presha karibu na mita, kifaa kidogo cha shaba ambacho watu wengi hawakitaki kwa sababu kinagharimu pesa na hakionekani sebuleni. Ya pili, ambayo ndiyo imeenea huku, ni kuacha maji ya nje yaishie kwenye tangi lako tu, halafu nyumba nzima ilishwe na tangi hilo. Hapo tatizo linageuka. Tangi lililowekwa kwenye stendi, mita 3 juu ya bomba la bafu, linatoa bar 0.3 peke yake. Kila elbo unayoongeza na kila mita ya paipu nyembamba vinakula sehemu ya hicho kidogo. Fundi anayejua atateremka kutoka tangini kwa paipu nene, atapunguza kona, na ataibadilisha kuwa nyembamba pale tu inapokaribia mfereji. Asiyejua atatumia paipu ya ukubwa mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kuwa ndiyo iliyobaki kwenye pikipiki, kisha atakwambia ununue pampu.

Halafu kuna hewa. Siku za mgao tangi linakauka, paipu zinajaa hewa, na maji yakirudi hewa hiyo inakwama mahali palipoinuka, hasa pale paipu ilipopandishwa juu ya dirisha au mlango kisha ikashushwa. Mfereji unakohoa, unatema mate mawili, unanyamaza. Wenye nyumba hudhani maji yameisha. Dawa yake ni mpangilio: paipu ielekee upande mmoja, ipande tu au ishuke tu, na panapolazimu kupinda juu pawekwe mahali pa kutolea hewa.

Anayetaka kuona maji ya mteremko yakitawaliwa kwa ukubwa aende Tuuru, kwenye milima ya Nyambene. Hapo palikuwa na makao ya watoto waliolemazwa na polio, yaliyoanzishwa na wamisionari wa Konsolata, na shida kubwa ya makao hayo ilikuwa maji. Bruda mmoja Mwitaliano wa shirika hilo, Giuseppe Argese, akapanda msituni. Msitu wa Nyambene unanasa ukungu na mvua, ardhi yake inashika maji na kuyaachilia taratibu. Yeye akayakusanya huko juu na kuyateremsha kwa mabomba hadi kwenye makao, kisha mradi ukaendelea kukua miaka na miaka hadi ukafika nchi kavu ya chini, Igembe na Tigania, kwa watu maelfu. Wenyeji walimwita Mukiri, kwa ukimya wake.

Watu wakiisimulia habari ya Tuuru huganda kwenye msitu, na ni haki, kwa kuwa simulizi ya maji yanayotoka kwenye ukungu ni tamu. Mimi hupenda kufikiria yale ya chini. Mradi wa mteremko hauishi kwa chanzo chake. Unaishi kwa valvu ya kutoa hewa kila paipu inapovuka kigongo, kwa valvu ya kumwaga matope kila inapozama bondeni, kwa tangi la kuvunja presha ambalo boya lake mtu hulikagua, na kwa watu wanaotembea juu ya mstari huo na panga na spana wakitafuta mahali nyasi ni za kijani kupita kiasi wakati wa kiangazi. Nyumba yako ni mradi huo huo kwa udogo. Ina kigongo chake, ina bonde lake, na inahitaji mtu anayejua hewa itakwama wapi.

Mafundi wazee wengi wa ukanda huu walijifunza kazi kwa njia hiyo, kwa kuchimba mitaro ya miradi ya maji na kubeba paipu begani hadi siku walipopewa spana. Wanaujua mteremko kwa miguu. Na wengi wao hawana karatasi. Hapo tunafikia jambo ambalo mwenye nyumba hulionea haya: kumwambia mtu mzima, tena jirani, pengine mnasali naye kanisa moja, "Fundi, una cheti?"

Muulize. Uliza kwa heshima, ila uliza. Nchini Kenya mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, ndiyo inayosimamia mtihani wa ufundi wa serikali, ule ambao watu huuita tu tredi testi. Unaanzia Gredi ya Tatu, unapanda hadi ya Pili, na ya Kwanza ndiyo ya juu. Uzuri wake ni kwamba haukuulizi ulisoma wapi. Mtu aliyejifunzia kazi mtaroni anaweza kujiandikisha, akasimama mbele ya mtahini, akakata, akaunganisha, akajibu maswali, akatoka na cheti chenye jina lake. Upande mwingine kuna waliopitia vyuoni, mathalani Meru National Polytechnic au chuo cha ufundi cha Nkabune, wenye vyeti vya baraza la mitihani la KNEC au vya mfumo mpya unaopima umahiri wa mtu kazini. Mbali na hao kuna mamlaka ya ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo pamoja na kuwasajili wakandarasi imepewa kazi ya kuwaidhinisha mafundi wenyewe. Anayefanya kazi kwenye saiti kubwa za Makutano au za mjini Embu huenda akawa na kadi ya NCA mfukoni, na akikuonyesha ilinganishe jina na la kitambulisho.

Huu moyo wa kumfundisha kijana ufundi karibu na kwao si wa jana. Mwaka 1966 baraza la makanisa nchini lilitoa ripoti iliyouliza wazi kijana aliyemaliza shule ya msingi aende wapi, na kutokana na mjadala huo zikachipuka politekniki za vijiji. Useremala, uashi, ushonaji, na baadaye mabomba. Kuna nyumba nyingi huku zilizojengwa na wanafunzi wa vyuo hivyo, na zimesimama.

Cheti kinathibitisha nini hasa? Kwamba siku moja, mbele ya mtu asiye jamaa yake, huyu bwana aliifanya kazi ikakubalika. Hilo si dogo. Linamtenga na kijana aliyebeba saruji wiki iliyopita na leo amejipa cheo. Lakini cheti hakikuambii atafanya nini bafuni kwako Jumamosi jioni, mvua inanyesha na simu ya kazi nyingine inaita. Kwa hilo nenda ukaone kazi yake ya zamani. Usikubali ile aliyomaliza mwezi jana, kwa sababu kila kazi ya mabomba ni nzuri ikiwa na mwezi mmoja. Tafuta iliyopitisha masika mawili. Ukifika usiangalie vigae. Fungua kabati la chini ya sinki, papasa maungio kwa mkono, angalia ukuta wa nyuma ya bafu kwa upande wa chumba kingine. Halafu mwulize mwenye boma swali moja: ulipomwita, alirudi? Wanaojibu "alirudi" bila kufikiri wanatosha kuwa cheti cha pili.

Sasa mikono. Nyumba nyingi za siku hizi zinawekwa paipu za plastiki za PPR, nyeupe au za kijani, ambazo haziungwi kwa nati wala gundi bali kwa moto. Fundi ana mashine yenye bamba linalopashwa hadi nyuzi 260. Anakata paipu moja kwa moja, si kwa mshazari, anafuta vumbi, anaweka alama ya kalamu mahali paipu itakapoishia ndani ya soketi. Anaingiza paipu upande mmoja wa bamba na soketi upande wa pili kwa wakati mmoja. Ya milimita 20 inahitaji kama sekunde 5, ya 25 kama sekunde 7. Anazitoa, anazisukuma pamoja moja kwa moja bila kuzungusha, anashika, anangoja. Ukitazama kwa karibu utaona pete ya plastiki iliyoyeyuka imejitokeza sawasawa kuzunguka kiungo. Hiyo ndiyo sahihi yake.

Mwenye pupa huiacha paipu motoni mpaka ilegee kabisa, kisha huisukuma kwa nguvu zote. Nje pete ni nene na inapendeza. Ndani plastiki imejikunja ikaziba nusu ya njia, na ile presha ndogo ya tangi uliyoilipia stendi inaishia hapo. Mwingine anazungusha kiungo kikiwa moto ili kona itazame anakotaka, na kwa kuzungusha amekipasua kabla hakijapoa. Stima zikipotea katikati ya kazi, fundi wa kweli anaweka vifaa chini. Nimewaona wanaopasha paipu juu ya jiko la makaa. Mtu wa namna hiyo mlipe nauli yake na umwombee safari njema.

Wewe hukuajiriwa kusimamia kila kiungo, na fundi anayetazamwa kila dakika hukasirika, kwa haki. Kuna siku moja tu unayopaswa kuwapo, nayo ni siku ya kupima presha kabla ya plasta. Mafundi wa mabomba wana pampu ndogo ya mkono yenye saa ya presha. Njia zote zinazibwa, maji yanajazwa, hewa inatolewa, kisha inapigwa mpaka presha ifike angalau mara moja na nusu ya ile ambayo nyumba itaibeba kila siku. Sindano ya saa inaangaliwa. Ikikaa saa nzima bila kushuka, na ukipitisha kitambaa kikavu kwenye maungio kikabaki kikavu, mwite fundi wa ukuta. Ikishuka, mahali fulani panavuja, na kupatafuta leo ni kazi ya dakika chache. Kupatafuta baada ya vigae ni kazi ya nyundo.

Hapa sitawalaumu mafundi. Kipimo hiki mara nyingi kinarukwa kwa sababu ya mwenye nyumba. Fundi wa ukuta amekuja na mtu wa mkono, wote wanalipwa kwa siku, mchanga umeshachanganywa, na mwenye nyumba anapiga hesabu ya hela zinazopotea wakisimama. "Endelea tu, fundi, hii iko sawa." Mtu huyo huyo ndiye baadaye atakayesimulia sokoni Gakoromone kwamba mafundi wa siku hizi ni matapeli.

Kabla plasta haijapanda, piga picha kila ukuta wenye paipu, na weka futi ya kupimia ndani ya picha. Miaka mitatu baadaye ukitaka kutundika kabati utazishukuru, na hata mpangaji akitaka kupiga msumari wa televisheni utajua la kumwambia.

Kuhusu vifaa: nani anunue? Kuna maduka yanayompa fundi asante kwa kila mteja anayemleta, na asante hiyo inatoka mfukoni mwako. Sioni dhambi kubwa hapo, kwa kuwa fundi naye ametumia ujuzi kukuchagulia duka, ila ni vizuri ijulikane. Njia inayoleta amani ni fundi aandike orodha kamili yenye ukubwa na aina, uende nayo maduka mawili, kisha mwende naye pamoja kuchukua. Soma maandishi yanayopita ubavuni mwa paipu. PN20 maana yake imetengenezwa kuhimili bar 20 maji yakiwa baridi. Maji ya moto yanapunguza uwezo huo, kwa hiyo ya PN10 isipelekwe kwenye njia ya maji moto hata kama muuzaji anaapa. Tafuta pia alama ya shirika la ubora wa bidhaa, KEBS. Paipu isiyo na maandishi yoyote hata ikipewa bure ni ghali.

Na fundi akiwa amesahau kitu kwenye orodha, asiende dukani mwenyewe kila nusu saa na pesa taslimu. Hizo safari ndogo ndizo zinazokula bajeti, na mara nyingi visingizio vya fundi huanzia hapo.

Kazi nyingine haimhusu fundi wako hata awe hodari vipi. Asubuhi za Timau na za Meru mjini zina baridi, na bafu la kupasha maji kwa stima papo hapo limeenea hadi kwenye nyumba za kupanga za chumba kimoja. Fundi wa mabomba ataleta maji mpaka kwenye kile kichwa cha bafu. Waya, swichi na hasa ile waya ya kuingiza umeme ardhini ni kazi ya fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Maji na umeme vinakutana juu ya kichwa cha mtu aliye uchi na miguu yake iko kwenye sakafu iliyolowa. Ukisikia "hiyo pia nitakufungia tu", kataa.

Maji machafu yana sheria zake, na ni fupi. Yanaondoka kwa mteremko: paipu ya inchi 4 ya choo ishuke karibu sentimita 2.5 kwa kila mita, na fundi aupime kwa kamba au levo, asikadirie. Kila sinki na kila tundu la sakafu liwe na ile kona inayobakiza maji, maana maji hayo machache ndiyo ukuta kati ya pua yako na shimo. Mtaro wa maji machafu wa kampuni umefika sehemu za miji tu, kwa hiyo maboma mengi yana tangi la choo na shimo la kunyonya. Yote mawili yakae mbali na kisima, mita 30 ndizo zinazotajwa sana, na yawe upande wa chini wa mteremko. Kwa watu wa Mbeere, ambako wengi hutegemea visima, hilo la kisima ni la kwanza, si la mwisho. Shimo la ukaguzi liwekwe kila paipu inapopinda. Siku choo kikiziba utaelewa.

Zimebaki pesa. Mafundi wa huku wanatoza kwa siku, kwa kazi nzima, au kwa pointi, yaani kila mahali maji yanapotokea. Kwa kazi ndogo ya kurekebisha, siku ni sawa. Kwa bafu jipya au nyumba nzima, patana kwa kazi nzima na uandike. Karatasi moja ya daftari inatosha: kazi gani, vifaa vinanunuliwa na nani, siku ya kuanza, siku ya kupima presha, malipo ya kila hatua, sahihi mbili, nambari za vitambulisho. Hata kama ni binamu yako. Hasa kama ni binamu yako. Malipo yapite M-Pesa ili ujumbe ubaki. Mambo yakiharibika kabisa, sheria ya mahakama ya madai madogo ya mwaka 2016 inamruhusu mtu kudai hadi shilingi milioni moja bila wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Hakimu atataka kuona hiyo karatasi na hizo jumbe. Maneno ya "tulielewana" hayampeleki popote. Na mlango huo uko wazi kwa fundi vile vile, maana idadi ya mafundi waliodhulumiwa salio na wenye nyumba za vioo si ndogo.

Usilipe nusu ya pesa kabla mtu hajagusa ukuta. Mpe ya kuanzia, ya nauli na ya kutosha siku mbili tatu. Lipa kipande kikubwa siku sindano ya presha itakapokaa mahali pake. Kingine vifaa vikishafungwa. Bakiza kama sehemu moja ya kumi, na mpatane juu yake tangu mwanzo, asije akadhani umegeuka. Hiyo ingoje mgao mmoja upite: maji yakatike kwa siku zake, tangi likauke, maji yarudi usiku na presha yake yote. Asubuhi fungua mfereji wa mbali zaidi na bafu la juu zaidi. Yakitoka bila kukohoa, na chini ya sinki ni kukavu, mtumie salio lake asubuhi hiyo hiyo kabla hajakukumbusha, kwa sababu Oktoba nyingine inakuja na utakuwa mmoja wa wale watano wanaompigia.